Umekunywa au umelewa? Kesi ya usukani ambayo Mwanza tunaimalizia barabarani

Kuna sentensi moja ambayo nadhani trafiki wa hapa Mwanza wameisikia mpaka imewachosha, hasa Ijumaa na Jumamosi usiku, kwenye barabara ya Makongoro upande wa Kirumba na ile ya Kenyatta ukishuka Mkuyuni: "Afande mi sijalewa, nimekunywa tu." Tunaichekaga, lakini kesi nzima ya ulevi barabarani imejaa humo, maana anayeisema anaamini kabisa kwamba kosa ni kuyumba, kuropoka na kutapika mlangoni mwa gari, na yeye kwa kuwa anasimama wima na bado anakumbuka namba ya simu ya shemeji yake basi hana kosa. Afande naye usiku ule pengine hana kipimo mkononi, ana pua tu. Wanabaki wawili pembeni ya barabara wanabishana kuhusu kitu ambacho hakuna mwenye namba yake, na mabishano ya hivyo hapa kwetu wote tunajua yanaishaje.

Mi naona shida yetu kubwa haipo kwenye ukali wa sheria wala upole wake. Dereva hajui anashtakiwa nini hasa, na mtu asiyejua anashtakiwa nini ndo mtu rahisi kuliko wote kutoa hela ili yaishe.

Sheria yenyewe ni ya zamani, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, na mambo ya kilevi yamekaa kwenye vifungu vya 44 na 45. Ukiacha lugha ya kisheria, kuna vitu viwili tofauti ambavyo sisi mtaani tunavichanganya kuwa kimoja. Cha kwanza ni kuendesha huku kinywaji au dawa imekuzidi kiasi kwamba huwezi kulimudu gari. Hapa hakuna namba, hapa kuna ushahidi wa macho: ulivyokuwa unaendesha, ulivyoshuka, ulivyojibu, daktari alivyokuona, aliyekuwa nyuma yako toka Buzuruga aliona nini. Cha pili ni kiwango cha pombe kwenye damu, na hapa ni namba tupu, miligramu 80 za pombe ndani ya mililita 100 za damu, ile wanayoiandika 0.08. Ukiwa juu ya hapo umevunja sheria hata kama unatembea kama mwanajeshi wa gwaride na unaongea Kiswahili cha mtangazaji wa redio. Na hiyo 0.08 ni ya mwenye gari binafsi, kwa dereva wa chombo cha biashara hesabu ni sifuri. Sifuri kabisa, hakuna "moja ya kutoa vumbi".

Kwa hiyo ukisema "nimekunywa tu" unakuwa umejitetea kwenye kosa la kwanza na hapohapo umejipalia mkaa kwenye la pili.

Sasa hiyo 0.08 ni bia ngapi? Kila baa ina profesa wake wa hili somo, mmoja anakwambia nne hazina shida, mwingine anakwambia inategemea na kabila (nimeyasikia haya, na aliyeyasema alikuwa serious kabisa). Tufanye hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina kama gramu 20 za pombe halisi. Mwanaume wa kilo 70, chupa moja inampandisha kama 0.04 kwa makadirio. Mbili za harakaharaka, ameshagusa 0.08. Mwanamke wa kilo 60 anapanda zaidi kwa chupa ileile, inaweza kufika 0.06, kwa sababu kwa kawaida mwili wa mwanamke una maji kidogo ya kuizimua ile pombe. Hayo ni makadirio, watu wanatofautiana, lakini ona tofauti ya "nne hazina shida" na mbili. Konyagi ndo usiseme, ile ni asilimia 35, na anayejimiminia mwenyewe kwenye glasi hajui amekunywa kiasi gani.

Halafu kuna kutoka. Ini linaitoa pombe kwa mwendo wake, wastani kama 0.015 kwa saa, na halina mpango wa kukusikiliza. Sato wa kukaanga na ugali ukila kabla, pombe itapanda taratibu, hiyo ni kweli, ila haiondoki. Supu ya kongoro alfajiri, limao, kahawa, maji ya baridi kichwani, kinywaji cha kuongeza nguvu, vyote hivyo vinaweza kukuchangamsha lakini namba haishuki hata kidogo, tena mlevi aliyechangamka ni hatari kuliko mlevi mwenye usingizi kwa sababu wa usingizi anaweza akakubali kuacha funguo.

Hapa ndo kuna mtego ambao naona unawanasa watu wastaarabu kabisa. Chukua yule mwanaume wa kilo 70, kaanza saa mbili usiku, kanywa bia sita mpaka saa nane usiku, moja kila saa, mtulivu tu, hajagombana na mtu. Sita mara 0.042 unapata kama 0.25, toa saa sita za ini kufanya kazi, saa nane anatoka baa akiwa na 0.16, mara mbili ya kiwango. Anafanya jambo la maana, anaacha gari, anachukua bajaji kwenda kwake Nyegezi, analala. Saa moja asubuhi bosi anapiga simu, anaoga, anapiga mswaki, anarudi kuchukua gari. Ana ngapi? Kama 0.087. Ameoga, amenyoa, ana tai, na amezidi kiwango. Kama angekuwa dereva wa haisi ya Igoma au basi la asubuhi la kwenda Dar, yule mwenye kutakiwa sifuri, angetakiwa kusubiri mpaka mchana kwenye saa saba hivi ndo damu iwe safi. Na huyu ukimpima ukimkuta nayo atakuapia kwa marehemu mama yake kwamba hajagusa chupa tangu jana, na hatakuwa anadanganya.

Ndo maana wale wanaopima madereva wa mabasi stendi alfajiri kabla gari halijatoka mi nawaunga mkono hata kama abiria wanalalamika kuchelewa. Tangu Oktoba 2023 mabasi yaruhusiwe kutembea usiku, ratiba za dereva zimekuwa vurugu, analala mchana, anaamka jioni, na huwezi kujua kwa macho alilala kwa sababu ya uchovu au kwa sababu ya kreti.

Tuje kwenye kipimo. Unaambiwa puliza, kuna kimrija cha plastiki kinachochomekwa, kinatakiwa kiwe kipya kwa kila mtu, na una haki ya kuomba ukione kinatolewa kwenye pakiti yake. Ukiwa umetoka kumeza fundo la mwisho dakika mbili zilizopita, ile pombe iliyobaki mdomoni inaweza kuipaisha namba juu kuliko damu yako, ndo maana utaratibu mzuri ni kusubiri kama dakika 15 ndo upulize au upulize tena. Muombe akuoneshe kioo. Soma namba, soma na saa. Na hapo kwenye namba kuna mkanganyiko unaozunguka sana kwenye magrupu, mmoja anasema kiwango ni 0.08 mwingine anasema 0.35, wanatukanana mpaka admini anafunga mjadala, kumbe wote wanaongelea kitu kilekile. 0.08 ni ya kwenye damu, 0.35 ni miligramu kwa lita moja ya pumzi, na ukizigeuza zinakaribiana sana. Kabla hujashangilia kwamba una 0.20 uko chini ya 0.35, au hujazimia kwa kuwa una 0.20 uko juu ya 0.08, uliza kwanza mashine inasoma pumzi au damu.

Hii 0.35 wengi wameitoa Kenya, na stori ya Kenya inafaa kuisikiliza hasa sisi wa kanda hii ambao Sirari ni safari ya nusu siku. Kenya walitunga kanuni za alkoblo, yaani kile kipimo cha kupuliza, mwaka 2011, wakapima watu sana, Nairobi ilikuwa balaa. Mwaka 2017 Mahakama yao ya Rufaa ikazitengua. Hoja iliyowaangusha ni ileile ninayoisema toka mwanzo: sheria mama yao, kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, inasema kosa ni kuwa chini ya kilevi kiasi cha kushindwa kulimudu gari, kanuni nazo zikawa zinasema kosa ni namba. Kanuni haiwezi kutengeneza kosa ambalo sheria mama haina. Watu wengi wakasherehekea kana kwamba kunywa na kuendesha kumehalalishwa, wakati kilichosemwa ni kwamba serikali ipange nyumba yake vizuri. Hapa kwetu ile namba imo ndani ya sheria yenyewe, kwa hiyo huo ushindi wa jirani usiubebe kuja nao mahakama ya Nyamagana, hautakufaa.

Na hicho kifungu cha Kenya kina kitu kingine, kinamkamata hata aliye na gari mikononi mwake akiwa hajaanza kuendesha. Kwa hiyo ile tabia ya kulala kwenye siti ya dereva, injini inanguruma, eisii inapuliza, ukisema "mi nimeamua kupumzika" ni tabia mbaya ukiwa Kisumu, na hata hapa Mwanza sikushauri. Ukiamua kulala garini hamia siti ya nyuma, funguo mpe mtu wa kaunta.

Sasa tuseme wamekukuta nayo. Huu ndo wakati ambao Mwanza nzima inageuka kuwa soko. "Afande tuongee." "Afande mi mtoto wa hapa hapa." "Afande nina mgonjwa Bugando." Watu wanadhani wanachokwepa ni elfu thelathini. Hapana bana. Ile elfu thelathini ya kuandikiwa kwenye mashine na kupewa namba ya malipo ni ya makosa madogomadogo, taa haiwaki, hujafunga mkanda, umepita sehemu ya waenda kwa miguu (na bodaboda na bajaji wameshushiwa mpaka elfu kumi tangu 2021). Ulevi ni kosa la kupelekwa mbele ya hakimu. Na unapochomoa noti unakuwa umetoka kwenye kosa moja umeingia kwenye mawili, kwa sababu Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haimshiki anayepokea peke yake, inamshika na anayetoa. Hili kila mtu analijua kwa mdomo.

Ila ukweli usemwe, hiyo biashara ya barabarani inalelewa na ule utata. Kama askari angekuwa na kipimo kinachotoa karatasi yenye namba, saa na tarehe, pangebaki nini cha kuongea? Anayekutisha "wewe umelewa sana utaozea Butimba" anaweza kukutisha kwa sababu hujui una ngapi, na wewe unayebisha "sijalewa" unaweza kubisha kwa sababu hata yeye hajui una ngapi. Wote mnauziana giza.

Upande wa pili wa utata huo ni pale ambapo kuna mtu amegongwa, na hapa ndo mi huwa nakasirika. Tuseme ajali imetokea Mabatini saa sita usiku. Dereva ana 0.13. Polisi wanafika, wanapima barabara, wanaondoa majeruhi, wanampeleka dereva kituoni, anaandikiwa, anatafutiwa usafiri wa kwenda hospitali kutolewa damu, daktari wa zamu ana foleni. Damu inatoka saa kumi alfajiri. Saa nne zimepita, ini limefanya kazi yake, limetoa 0.06, kwenye kichupa inakutwa 0.07. Yuko chini ya kiwango. Kwenye karatasi huyu mtu hana kosa la namba, na aliyelala wodini Sekou Toure na mguu umevunjika mara mbili anaambiwa dereva alipimwa akaonekana yupo sawa. Ukimleta mtaalamu anaweza kupiga hesabu za kurudi nyuma mahakamani, lakini ni kesi ngapi za kawaida zinamleta mtaalamu? Hapo ndo lile kosa la kwanza, la kushindwa kulimudu gari, linatakiwa kuokoa jahazi, na linahitaji mtu aliyeandika vizuri pale pale: macho yalikuwaje, alishuka vipi, harufu, maneno, alama za breki kama zipo. Askari mwenye kalamu usiku ule ana thamani kuliko maabara ya asubuhi.

Maabara nayo ina masharti yake. Sampuli inaenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya kanda ya ziwa hapahapa Mwanza kwa hiyo hakuna kisingizio cha kwamba Dar ni mbali, lakini ile damu lazima iwe na stori isiyokatika: nani aliitoa, saa ngapi, ikawekwa kwenye chupa gani, ikabandikwa jina na nani, ikafungwa lakiri, ikakaa wapi, akaipeleka nani. Katikati ya hiyo stori akikosekana mtu mmoja wakili wa upande wa pili analala usingizi mnono. Damu iliyokaa vibaya kwenye joto inaweza hata kutengeneza pombe yake yenyewe kwa kuchacha. Ukiona kesi ya ulevi imefutwa usikimbilie kusema hakimu kala hela, mara nyingine kilichokosekana ni saini ya mtu mmoja kwenye karatasi.

Ukiwa wewe ndo mshtakiwa, mambo yanaenda hivi. Polisi wanatakiwa wakupeleke mahakamani ndani ya saa 24 au wakupe dhamana, na kosa hili lina dhamana, hasa kama hakuna aliyekufa. Atafutwe mdhamini mwenye kitambulisho na barua ya mtendaji, usianze kumpigia mwanasiasa. Unasomewa shtaka. Hapa sikiliza kwa makini, maana ndo pale mtu ana hangova, hajala, ana aibu ya kuonwa na watu wa kanisani, na kuna mtu kamnong'oneza "kiri tu, utapigwa faini uende nyumbani". Kukiri si dhambi, kama ni kweli ulikuwa umezidi na hujaumiza mtu inaweza kuwa ndo njia fupi na ya heshima, na mahakimu wanaangalia mtu asiyewapotezea muda. Lakini jua unachokifanya, kwa sababu Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai iko wazi, ukishakiri ukatiwa hatiani huna tena rufaa ya kubisha kwamba hukutenda, unabaki na rufaa ya ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Wangapi wamekiri 0.04 kwenye gari binafsi kwa sababu hawakujua 0.04 iko chini ya kiwango? Muombe hakimu shtaka lisomwe taratibu, uliza ni kifungu kipi, uliza kipimo kilionesha ngapi. Kama kuna mtu kaumia au kafariki, usikiri chochote kabla hujaongea na wakili, hapo hatuongelei tena faini, tunaongelea jela.

Faini na jela ndo watu wanaziongelea, mi naona huo ndo mwanzo tu. Mahakama ina mamlaka ya kuigusa leseni yako, kuifungia kwa muda au kuifuta, na kwa mtu anayekula kwa usukani hiyo ni kumwambia akaanze maisha upya. Dereva wa basi siku hizi anasajiliwa na kuthibitishwa na LATRA, wale wadhibiti wa usafiri wa nchi kavu, ana kile kidude cha aibatani anachogusisha kwenye gari ili ijulikane ni yeye anaendesha, kwa hiyo ile ya zamani ya kufukuzwa na tajiri mmoja Mwanza ukaenda kuanza kwa mwingine Shinyanga inazidi kuwa ngumu. Wanaoomba kazi kwenye migodi ya Geita watakwambia kule wanavyopuliza, huingii geti na hata kidogo.

Halafu bima. Jamaa ana bima kubwa, kalipia milioni na ushee, anajiona yuko salama. Asome yale maandishi madogo. Karibu kila bima kubwa ina kipengele kwamba dereva akiwa amelewa kampuni hailipi uharibifu wa gari lake. Kwa hiyo ile Harrier iliyopinda pale Pasiansi ni ya kwako wewe na mkopo wake. Bima ndogo, ile ya lazima kwa Sura ya 169, ipo kwa ajili ya uliyemgonga, huyo anaweza akalipwa, lakini kampuni ikishamlipa inaweza kukugeukia wewe ikitaka hela yake kwa kuwa ulivunja masharti. Na aliyeumia anaweza kufungua kesi ya madai mbali kabisa na ile ya jinai, akidai matibabu, kipato alichopoteza, maumivu, na atamshtaki dereva pamoja na mwenye gari.

Mwenye gari. Hapa niseme na matajiri wa haisi na Noah zetu. Dereva wako unamjua, ulimchunguza, ana leseni safi. Ila saa tisa mchana kachoka, kamwachia deiwaka, dereva wa kushikiza, usiyemjua hata jina, deiwaka anatoka kuzimua kijiweni Igoma, anataka kuifikisha hesabu kabla giza halijaingia. Konda anajua kuwa jamaa yuko tungi, abiria wa siti ya mbele anasikia harufu, wote wanakaa kimya kwa kuwa kila mtu anataka kufika. Likitokea la kutokea, jina kwenye kadi ya gari ni lako, na wakili wa aliyegongwa hatahangaika na deiwaka asiye na kitu. Wewe unauliza hesabu kila jioni kwa simu, hujawahi kuuliza nani alikuwa anaendesha saa kumi.

Bodaboda nao wana yao. Viroba, zile pombe kali za pakiti, vilipopigwa marufuku Machi 2017 tulidhani tumemaliza, maana kile kipakiti kilikuwa kinakaa mfuko wa shati na kunywewa kwenye taa nyekundu. Sasa hivi ni vichupa vidogo, tofauti ni kwamba vinapasuka. Kwa abiria aliyepakiwa na boda aliyelewa hakuna bodi ya gari wala mkanda, kuna lami tu.

Na sheria haisemi pombe peke yake, inasema na dawa, hii watu wanaisahau kabisa. Bangi na mirungi sawa, hizo zina kesi zake nyingine kabla hata hujafika kwenye usukani. Ila mtu kameza Piriton kwa ajili ya mafua, au zile dawa za usingizi alizoandikiwa hospitali, akachukua barabara ya kwenda Bunda jioni. Kuwa na cheti cha daktari kunathibitisha kwamba dawa ni halali, hakuthibitishi kwamba ulikuwa na uwezo wa kuendesha. Kipimo cha kupuliza hakioni Piriton, kwa hiyo hapo unarudi kwenye lile kosa la kwanza, la ushahidi wa macho. Ukichanganya hiyo dawa na bia moja, zile hesabu zangu za juu zitupe.

Kitu kingine cha huku kwetu. Zamani ukitoka Mwanza usiku kwenda Sengerema au Geita, pantoni la Kigongo na Busisi lilikuwa linakulazimisha kusimama, unasubiri, unashuka, upepo wa ziwa unakupiga, wengine ndo walikuwa wanashtukia pale kwamba hali zao mbaya wakampa mwingine usukani. Tangu Juni 2025 kuna daraja la JPM, kilomita tatu hivi za lami juu ya maji, dakika chache umevuka. Ni jambo jema sana, nimelisubiri miaka, ila mlevi amepoteza kituo chake cha lazima, na sijaona mpango wowote wa kumuwekea kingine.

Ningekuwa na sauti kwenye marekebisho ya sheria ningeomba vitu vichache. Hiyo 0.08 ishuke iwe 0.05, ambayo ndo Shirika la Afya Duniani limekuwa likiipendekeza muda mrefu, na wenye leseni mpya wawekewe 0.02. Wapo watakaosema tutajaza mahabusu, mi nasema mtu anayejua kwamba chupa mbili zinamkamata hatafanya hesabu za mezani, ataacha gari. Kipimo kitoe karatasi, nakala moja kwa dereva, na namba iingie kwenye mfumo hapohapo kabla mtu hajaanza kuongea. Na kwenye ajali yenye majeruhi pumzi ipimwe palepale eneo la tukio, sio damu saa nne baadaye.

Kwa sasa, kwa wewe unayetoka Ijumaa hii: baa nyingi za Kirumba na Kitangiri zina mlinzi anayekubali kulaza gari kwa elfu mbili tatu, muulize kabla hujaagiza ya kwanza, na kama kesho una safari ya saa kumi na mbili asubuhi basi mwisho wa kunywa ni saa tatu usiku, tena chupa mbili tu.